Anna May Wong: Mchina aliyenyimwa nafasi ya Mchina Hollywood

Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa sarafu mpya ya senti 25. Upande mmoja kuna sura ya mwanamke mwenye nywele zilizokatwa kufunika paji la uso, kichwa kakilaza kwenye mkono, na pembeni yake taa za jumba la sinema.

Jina lake ni Anna May Wong. Ndiye Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Asia kuwekwa kwenye fedha ya nchi hiyo. Heshima hiyo ilimkuta akiwa kaburini miaka 61.

Mashabiki wengi wa filamu wanamjua Bruce Lee na Jackie Chan. Lakini nusu karne kabla ya Bruce Lee kuitikisa dunia, tayari kulikuwa na binti wa Kichina anayejaza kumbi za sinema kuanzia Los Angeles mpaka Berlin na London. Alikuwa na sura, kipaji na jina. Alichokosa ni ruhusa ya kuigiza kama mtu wa kawaida.

Haya ndiyo maisha yake.

Mtoto wa dobi

Alizaliwa Los Angeles, jimbo la California, tarehe 3 Januari 1905. Jina alilopewa na wazazi ni Wong Liu Tsong. Baba yake, Wong Sam Sing, alikuwa na duka la dobi, na watoto walisaidia kazi za dukani. Baba mwenyewe naye alizaliwa California. Yaani familia hii ilikuwa ya Kimarekani kabla hata Hollywood haijawepo.

Lakini kuzaliwa Marekani hakukusaidia kitu. Tangu mwaka 1882 kulikuwa na sheria ya kuzuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo, na Wachina waliokuwa ndani walionekana kama wageni tu. Shuleni Anna May na dada yake Lulu walitaniwa na kusumbuliwa na wenzao wa kizungu kwa sababu ya asili yao, mpaka wazazi wakawahamishia shule ya kanisa iliyokuwa na watoto wa Kichina.

Wakati huo kampuni za filamu zilikuwa zinahamia Los Angeles, na nyingine zikawa zinapiga picha mitaa ya Wachina. Binti akapagawa. Hela ndogo alizopewa na wateja alipowapelekea nguo ziliishia kwenye tiketi za sinema. Akawa mtoro shuleni. Popote penye kamera alikuwepo, anatazama na kuuliza maswali, mpaka mafundi wa filamu wakamzoea na kumpa jina la utani.

Akiwa bado mtoto alijitungia jina la kazi: Anna May Wong. Mwaka 1919, akiwa na miaka 14, alipata nafasi ya kwanza, tena bila baba yake kujua. Filamu ya The Red Lantern ilihitaji wasichana wa Kichina 300 wa kubeba taa, na yeye akawa mmoja wao. Hata uso wake ulionekana kwa shida.

Mwaka 1921 aliacha shule ya sekondari ili aigize. Baba yake hakufurahi hata kidogo. Kwa mzee yule, uigizaji haukuwa kazi ya binti mwenye heshima.

Stelingi akiwa na miaka 17

Mwaka 1922 alipewa nafasi kuu katika The Toll of the Sea, moja ya filamu za mwanzo kabisa za rangi kutengenezwa Hollywood. Alikuwa na miaka 17.

Hadithi yenyewe ni ya msichana wa Kichina anayempenda Mmarekani. Mwanaume anaahidi, anaondoka, kisha anarudi na mke mzungu. Msichana anawakabidhi mtoto wake, halafu anajitupa baharini.

Wakosoaji walimsifu sana. Alilia bila kuzidisha, na watazamaji wakalia naye. Lakini ndani ya sifa hizo kulikuwa na mtego. Hollywood ilikuwa imeshaamua mwanamke wa Kichina ni nani: mtu wa kupenda kimya kimya, kuachwa, na kufa ili mzungu na mkewe waendelee na maisha yao.

Miaka miwili baadaye akatokea kwenye The Thief of Bagdad ya Douglas Fairbanks, filamu iliyotazamwa dunia nzima. Humo aliigiza mjakazi wa Kimongoli, mwenye nguo fupi na mkono wa usaliti. Huo ukawa mtego wa pili: mwanamke mrembo lakini nyoka, anayetabasamu huku ameficha kisu.

Kwa miaka mingi iliyofuata alizunguka kati ya hao wawili, ua na joka. Ua lilikuwa dhaifu na mtiifu. Joka lilikuwa na hila, sumu na tamaa. Wote wawili mwisho wao ulikuwa mmoja: kufa kabla filamu haijaisha. Katika Piccadilly anapigwa risasi. Katika Java Head anajiua. Katika Limehouse Blues anajiua tena.

Mwaka 1924 alijaribu kujinasua kwa kufungua kampuni yake ili atengeneze filamu za hadithi za Kichina. Ikabainika kwamba mshirika wake hakuwa mwaminifu, na kampuni ikafa kabla ya kutoa kitu.

Wazungu waliojipaka sura

Mtu anaweza kuuliza: kama filamu za Wachina zilikuwa nyingi hivyo, mbona Wachina wenyewe hawakupewa nafasi kubwa?

Jibu ni kwamba nafasi hizo zilipewa wazungu. Waliwekewa gundi kwenye kope ili macho yabadilike umbo, wakapakwa rangi usoni, wakavalishwa mawigi na kufundishwa kuongea Kiingereza cha kuvunjika. Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, alijipatia jina kwa kuigiza Wachina. Ndiye aliyekuwa Fu Manchu, yule daktari katili anayetaka kuitawala dunia, na baadaye akawa mpelelezi Charlie Chan. Mwaka 1932 Helen Hayes na Ramon Novarro waliigiza wapenzi wa Kichina katika The Son-Daughter. Mwaka huohuo Myrna Loy, Mmarekani mweupe, alikuwa binti wa Fu Manchu.

Sheria nazo zilichangia. California ilikataza ndoa kati ya wazungu na watu wa Asia, na katazo hilo liliendelea mpaka mwaka 1948. Kwenye filamu kulikuwa na kanuni za maadili zilizopitishwa mwaka 1930 na kuanza kubanwa kweli mwaka 1934. Zilikataza mapenzi kati ya weupe na weusi, lakini studio zilizitumia hata dhidi ya Waasia.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Stelingi wa kiume alikuwa mzungu karibu kila mara. Anna May hakuruhusiwa kumbusu mzungu. Na kwa kuwa stelingi wa kike ndiye anayepata busu na harusi, basi Anna May hakuweza kuwa stelingi wa kike. Kila mlango ulifungwa na mlango mwingine.

Ulaya yamfungulia milango

Mwaka 1928 alichoka, akapanda meli kwenda Ulaya.

Ujerumani walimpokea kama malkia. Aliigiza katika Song ya mwongozaji Richard Eichberg, na magazeti ya Berlin yakamsifu. Uingereza akafanya Piccadilly mwaka 1929, filamu ambayo leo inahesabiwa kati ya kazi zake bora. Anaanza kama mwosha vyombo wa klabu ya usiku, anaishia kuwa mchezaji dansi anayeteka jiji zima.

Mwaka huohuo alipanda jukwaani London pamoja na Laurence Olivier, wakati huo kijana anayechipukia. Wakosoaji walimponda kwa lafudhi yake ya Kimarekani. Hakununa. Alilipa walimu wa sauti mpaka akaongea kama mtu wa tabaka la juu la Uingereza. Akajifunza Kijerumani na Kifaransa, na mjini Vienna akaigiza na kuimba kwa Kijerumani mbele ya watazamaji.

Kipaji hicho kilimsaidia filamu zilipoanza kuwa na sauti. Mwaka 1930 filamu yake moja ilipigwa mara tatu, kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na zote tatu aliigiza yeye. Nyota wangapi wa Hollywood wa wakati ule wangeweza hilo?

Arudi, akuta mambo ni yaleyale

Mwaka 1930 kampuni ya Paramount ilimwita nyumbani kwa ahadi ya nafasi kubwa. Akaanzia kwenye mchezo wa jukwaani New York. Mwongozaji alimtaka aigize Mchina kwa madaha ya Kijapani, kwa imani kwamba Mwasia ni Mwasia tu. Anna May alikataa, akaigiza kwa ishara za Kichina anazozijua. Novemba mwaka huo, wakati bado yuko kwenye mchezo huo, mama yake aligongwa na gari mbele ya nyumba yao Los Angeles na kufariki.

Paramount nayo ikampa alichokikimbia. Katika Daughter of the Dragon ya mwaka 1931 aliigiza binti wa Fu Manchu, muuaji kwa urithi. Fu Manchu mwenyewe alikuwa Warner Oland na rangi zake usoni.

Malipo yalisema yote. Anna May, ambaye ndiye aliyeibeba filamu, alilipwa dola 6,000. Sessue Hayakawa, nyota wa Kijapani aliyevuma tangu enzi za filamu bubu, alipata dola 10,000. Oland, aliyeonekana kwa dakika 23 tu, aliondoka na dola 12,000.

Mwaka uliofuata ikaja Shanghai Express. Marlene Dietrich alikuwa nyota, lakini wengi waliotazama hawakumsahau Anna May. Ndani ya treni ile anaigiza kahaba asiyeongea sana, asiyemnyenyekea mtu, na ndiye anayemuua mbabe wa kivita aliyemdhalilisha. Marekani walimsifu. China magazeti yalimshambulia kwamba anaidhalilisha nchi.

Mwaka 1934, katika Java Head iliyopigwa Uingereza, hatimaye alibusiana na stelingi mzungu, ambaye kwenye hadithi ni mumewe. Katika maisha yake yote ya filamu, ilikuwa mara hiyo moja tu.

Nafasi aliyoitaka kuliko zote

Mwaka 1931 mwandishi Pearl Buck alitoa kitabu The Good Earth, riwaya ya mkulima wa Kichina Wang Lung na mkewe O-Lan, wanaopambana na njaa, mafuriko na umaskini. Hakuna joka humo wala daktari katili. Ni watu wanaolima, wanaozaa na kuzika. Kitabu kilisomwa sana, na kampuni ya MGM ikaamua kukifanya filamu.

Anna May aliitaka nafasi ya O-Lan kwa moyo wote. Na nani mwingine? Alikuwa Mwasia maarufu kuliko wote Hollywood, na alikuwa amesubiri zaidi ya miaka 10 kupata mwanamke wa Kichina mwenye utu.

MGM ikampa Paul Muni, mzungu, nafasi ya Wang Lung. Hapo hesabu ikafungwa. Kama mume ni mzungu aliyepakwa rangi, mke hawezi kuwa Mchina wa kweli, kwa sababu waigizaji wenyewe watakuwa wa rangi tofauti. Nafasi ya O-Lan ikaenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani.

Studio ilimjaribu Anna May kwa nafasi nyingine: Lotus, kimada anayeivuruga familia. Yaani kwenye filamu ya Wachina wema, Mchina wa kweli alitafutiwa nafasi ya mharibifu. Inaelezwa kwamba alikataa. Nafasi hiyo nayo ikachukuliwa na mzungu, mchezaji dansi Tilly Losch kutoka Austria.

Filamu ilitoka mwaka 1937 ikasifiwa kila kona, na Rainer akashinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Wachina kwa mamia walikuwemo kama umati wa nyuma.

China nako lawama

Mwanzoni mwa mwaka 1936, akiwa na uchungu wa The Good Earth, alisafiri kwenda China kwa mara ya kwanza maishani. Baba yake alikuwa amehamia huko na wadogo zake miaka miwili nyuma, katika kijiji cha mababu kule Taishan.

Alifikiri anarudi kwao, kumbe huko nako ni mgeni. Lahaja aliyoikulia haikueleweka Shanghai wala Beijing, ikabidi atafute mwalimu wa Kimandarini. Na lawama zilimfuata popote alipokwenda: kwa nini ulikubali kuigiza makahaba na wauaji? Kwa nini unatuaibisha mbele ya dunia?

Utetezi wake ulikuwa mmoja. Zile ndizo nafasi zilizokuwepo, na kama angezikataa zote, zingepewa wazungu waliojipaka, na Mchina asingeonekana kabisa. Kwa wengine jibu hilo lilitosha, kwa wengine halikutosha, na hadi leo wanaoandika kumhusu bado wanabishana. Ni kweli kwamba alisaidia kuijenga picha ya mwanamke joka. Ni kweli pia kwamba alijaribu kuibomoa kila alipopata mwanya.

Mwanya wenyewe

Aliporudi, Paramount ilimpa filamu ndogo za bajeti ya chini, na ndani ya filamu hizo ndipo alipopumua. Daughter of Shanghai ya mwaka 1937 inamwonyesha binti wa mfanyabiashara anayewasaka wasafirishaji haramu wa watu waliomuua baba yake. Mpelelezi anayeshirikiana naye ni Philip Ahn, Mmarekani mwenye asili ya Korea. Waasia wawili ndio mashujaa, wote wanabaki hai, na mwisho mapenzi yanashinda. Kwa Hollywood ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Mwaka 2006 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kwa umuhimu wake.

Vita ya Japan dhidi ya China ilipopamba moto, aliuza kwa mnada mavazi yake ya filamu, na fedha zikapelekwa China. Mwaka 1942 aliigiza filamu mbili za vita, Bombs over Burma na Lady from Chungking, na malipo yake akayatoa kwa waathirika wa vita. Hata hivyo, Soong Mei-ling, mke wa kiongozi wa China Chiang Kai-shek, alipokuja Los Angeles mwaka 1943 na nyota wa Hollywood wakapangwa kumpokea jukwaani, Anna May hakuwemo.

Mwaka huohuo Marekani iliifuta sheria ya kuzuia Wachina. Yeye alikuwa amefikisha miaka 38, na kazi za filamu zilikuwa zimekauka. Akaishi Santa Monica, akigeuza nyumba yake kuwa vyumba vya kupangisha. Hakuwahi kuolewa.

Televisheni, halafu kimya

Mwaka 1951 alivunja rekodi nyingine. Kituo cha DuMont kilirusha The Gallery of Madame Liu-Tsong, tamthilia ya kwanza ya televisheni Marekani kumweka Mwasia kuwa mhusika mkuu. Aliigiza mmiliki wa maduka ya sanaa anayechunguza uhalifu. Jina la mhusika, Liu-Tsong, ni lake mwenyewe la kuzaliwa. Vilirushwa vipindi 10, lakini hakuna nakala hata moja inayojulikana kubaki.

Mwaka 1960 alipewa nyota yake kwenye barabara maarufu ya Hollywood, na akarudi kwenye filamu kubwa kama mtumishi wa ndani katika Portrait in Black. Kisha ikaja habari njema: alichaguliwa kuigiza Madame Liang katika Flower Drum Song, filamu ya Hollywood ambayo karibu waigizaji wake wote ni Waasia, wakiigiza Wamarekani wa kawaida wa San Francisco. Ndicho kitu alichokitafuta miaka 40.

Afya haikumruhusu. Nafasi ilichukuliwa na Juanita Hall, Mmarekani Mweusi. Tarehe 3 Februari 1961 Anna May Wong alifariki kwa mshtuko wa moyo nyumbani kwake Santa Monica, akiwa na miaka 56. Alizikwa Los Angeles, kaburi moja na mama yake.

Flower Drum Song ilitoka mwaka huohuo. Lakini mwaka huohuo pia ilitoka Breakfast at Tiffany's, ambamo Mickey Rooney, mzungu, alibandikwa meno bandia na kuigiza Mjapani wa kuchekesha watu.

Ilichukua muda mrefu mambo kubadilika. Miaka 62 baada ya kifo chake, Machi 2023, Michelle Yeoh wa Malaysia alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike, Mwasia wa kwanza anayejitambulisha hivyo kuipata. Filamu iliyompa ushindi ni ya mwanamke wa Kichina anayeishi Marekani na mume wake, binti yake na madeni ya kodi. Kazi yake ni kuendesha duka la dobi.